Jina Jipya, Nyumba Ile Ile: Kuielekeza Anwani Mpya kwenye Tovuti Iliyopo



Anayesema anakwenda Mombasa na anayesema anakwenda Mvita watashuka mahali pamoja. Majina ni mawili, kisiwa ni kimoja, wala hatujasikia aliyepotea kwa kulitumia la pili. Ndivyo ilivyo barabara ya Salim: ni miaka mingi sasa tangu iitwe Digo Road, lakini mtajie mzee wa Mji wa Kale jina lile la kwanza, naye atakuelekeza na utafika. Hata mji wa Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, uliitwa Yathrib kabla ya Hijra ya mwaka 622, kisha ukawa Madina. Jina lilibadilika, na mitende na visima vikabaki pale pale.

Haya tumeyakumbuka kwa sababu ya swali tuliloletewa na kikundi cha akina mama wa mtaani kwetu, washonaji wa kofia za vito na buibui. Walikuja baada ya swala ya Alasiri, wakaketi barazani, na mkubwa wao akafungua maneno.

"Maalim," akasema, "sisi tuna tovuti yetu tangu mwaka juzi, kijana mmoja alitutengenezea bure. Picha zimo, bei zimo, nambari ya M-Pesa imo. Lakini anwani yake ni ndefu kama mkia wa tiara. Nusu ni jina la kampuni ya ng'ambo iliyotupa nafasi, nusu ni letu, na katikati vistari na nambari. Mteja akisomewa kwa simu, hukosea. Sasa tumelipia jina fupi, linaishia na .co.ke. Fundi mwingine atuambia jina jipya lataka tovuti mpya, na bei aliyotutajia yapita faida yetu ya mwezi mzima wa Ramadhani. Ni kweli haya?"

Tukamjibu, "Si kweli, bi. Jina mwalo, na tovuti mwayo. Lililobaki ni kuviunganisha."

Kwa kuwa tunajua si wao peke yao wanaoambiwa hivyo, tumeona tulieleze jambo hili hapa kwa urefu kidogo.

Jina na tovuti ni vitu viwili mbali mbali. Tovuti ni kurasa, picha na maandishi yaliyowekwa katika kompyuta fulani isiyozimwa, nayo huitwa seva. Seva ile hujulikana kwa nambari, aghalabu mafungu manne yaliyotengwa kwa nukta, na hakuna fungu linalozidi 255. Jina, ambalo mafundi huliita jina la kikoa au domeni, ni neno tu tulilopewa sisi binadamu kwa sababu nambari hatuzikumbuki. Hapo mwanzo, mtandao ulipokuwa mdogo na wa Wamarekani, majina yote na nambari zake yaliandikwa katika faili moja, iliyotunzwa katika taasisi ya utafiti ya SRI huko Menlo Park, California. Aliyeiongoza ofisi hiyo alikuwa mwanamke, Elizabeth Feinler. Mwenye kutaka kuandikishwa aliipigia ofisi yake simu saa za kazi. Majina yalipozidi, mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni utaratibu unaoitwa DNS, ambao umeligawa daftari lile moja kuwa madaftari mengi, kila moja na mtunzaji wake. Daftari la majina yanayoishia na .ke lilifunguliwa mwaka 1993, na leo linatunzwa na KeNIC. Sisi wananchi hatuendi kwao moja kwa moja. Hupitia kwa wasajili wenye idhini, kama mtu anavyonunua tikiti kwa wakala.

Basi mwenye jina jipya na tovuti ya zamani hahitaji kujenga tena. Huliweka jina jipya kama mlango, na nyuma ya mlango humsimamisha bawabu. Mgeni akibisha, bawabu humwambia, "Wenyewe wako kule," na simu ya mgeni humchukua kule pasi yeye kufanya lolote. Hilo ndilo kuelekeza, na wasajili wengi huitoa huduma hii ndani ya ada ile ile ya mwaka. Ukiingia katika ukurasa wao kwa nenosiri lako, utaona pameandikwa kwa Kiingereza "forwarding" au "redirect". Hapo utatia anwani kamili ya tovuti yako ya sasa, kisha uhifadhi.

Bawabu huyo ana kauli mbili, na ni lazima umchagulie moja. Ya kwanza huitwa 301, na maana yake ni kwamba wenyewe wamehamia kule moja kwa moja. Ya pili ni 302, maana yake wako kule kwa muda tu. Mgeni aliyeshika simu haoni tofauti yoyote. Lakini Google na wenzake, ambao kazi yao ni kukumbuka nani yuko wapi, huzisikiliza sana kauli hizi. Wakiambiwa 301, huliunganisha jina hili na ile tovuti na kuvihesabu kitu kimoja. Kwa jina ambalo hamna nia ya kulitumia vingine, chagueni 301.

Kuna njia ya tatu ambayo wasajili huipamba kwa maneno mazuri, nayo ni ya kufunika: jina jipya hubaki juu ya kioo cha simu, na tovuti ya zamani huonekana chini yake kama kitu kilichotazamwa kupitia dirisha la jirani. Wengi huipenda kwa sababu anwani ndefu haionekani. Sisi hatuipendi. Mgeni akifungua ukurasa wa kofia au wa buibui, anwani juu haibadiliki, hivyo hawezi kumtumia mwenzake kiungo cha kofia aliyoipenda. Kwenye simu kurasa huweza kukaa vibaya, na kurasa nyingi za malipo zimepigwa marufuku kufunguka ndani ya dirisha kama hilo. Mwenye duka asiyeweza kupokea malipo ana faida gani na jina zuri?

Hapa pana jambo la kutahadhari. Yule fundi wa pili aliwaambia akina mama kwamba, wakikataa kujenga upya, yeye angeibadilisha ile nambari katika daftari la DNS tu, na kazi ingekwisha. Hilo halikutosha kwao. Daftari la DNS hutoa nambari ya seva, halina uwezo wa kumwambia mgeni aende ukurasa fulani. Seva ya kampuni ya ng'ambo ina maelfu ya tovuti ndani yake, na ikibishwa kwa jina isilolijua haitajua ni nani anayeulizwa. Mgeni ataletewa ukurasa wa makosa. Ni sawa na kumtuma mtu kwenye jengo la ghorofa kumi kumwuliza Mama Fatuma, ilhali bawabu wa jengo hajapata kulisikia jina hilo.

Kazi yenyewe tuliifanya jioni ile ile, au tuseme aliifanya binti wa mwenyekiti, mwanafunzi wa kidato cha nne, sisi tukiwa tunatazama miwani ikituteleza. Haikumchukua nusu saa. Hata hivyo mambo mawili yalitukwamisha, na tunayataja kwa sababu huwakwamisha wengi.

La kwanza, jina lilifunguka likiandikwa peke yake, likatangulizwa www likagoma. Kwetu ni jina moja, lakini kwa mashine ni majina mawili, na kila moja hutaka kuelekezwa. La pili lilikuwa zito zaidi. Simu ya mama mmoja ilitoa onyo kubwa kwamba mahali hapa si salama, naye akaitupa mapajani kana kwamba imemuuma. Sababu yake ni cheti cha usalama, kile kinachoifanya anwani ianze na https. Tovuti ya zamani ilikuwa nacho, na akina mama walidhani chatosha. Lakini simu huchungua cheti cha mlango kabla ya kumsikiliza bawabu, na mlango mpya haukuwa na chake. Binti akampigia msajili, akaambiwa ni jambo la kuwashwa tu, likawashwa, na baada ya muda onyo likaondoka. Cheti hiki kisiwe sababu ya kutozwa fedha nyingi. Tangu mwaka 2015 liko shirika lisilotafuta faida liitwalo Let's Encrypt linalovitoa bure, na wasajili wengi huvitumia hivyo hivyo. Msajili asiyeweza kuelekeza kwa https ni bora ahamwe.

Mabadiliko ya namna hii hayaonekani kila mahali kwa wakati mmoja, kwa kuwa kompyuta za njiani huyakumbuka majibu ya zamani kwa muda. Huenda Lamu wakaliona jina jipya mchana huu, na Muscat wakaliona kesho. Subirini siku mbili kabla ya kumlaumu mtu. Na kama jina lenu lina baruapepe zinazopokelewa kwalo, msimruhusu mtu aligeuze daftari zima kabla hajayanakili maandishi yanayohusu baruapepe, la sivyo tovuti itafunguka na barua zitapotea.

Sasa tuje kwenye lile ambalo hasa lilitufanya tuishike kalamu.

Wenyeji wa Mombasa wanaijua vyema nyumba isiyo na ardhi. Mtu hujenga kwa jasho lake, kuta zake, mabati yake, milango yake, lakini kiwanja ni cha mwingine, naye hulipa kodi ya ardhi mwaka hadi mwaka. Mwenye kiwanja akiamua vingine, mwenye kuta hana la kusema. Tovuti ya akina mama ni nyumba ya namna hiyo. Imesimama katika kiwanja cha kampuni ya ng'ambo, na ile anwani ndefu ni mali ya kampuni. Kampuni ikifunga huduma ya bure, anwani itakufa nayo, pamoja na kila kadi na kila mfuko wa karatasi iliyochapishwa juu yake. Jina fupi ndilo la kwao. Leo bawabu anawapeleka wageni ng'ambo. Kesho wakihamia seva ya hapa Kenya, watambadilishia bawabu maelezo, na mteja aliyeihifadhi kadi tangu mwaka jana hatajua kama pana waliohama. Kwa hiyo tuliwaambia wasiichapishe tena anwani ndefu hata mara moja.

Illa jina nalo halinunuliwi likawa milki ya milele, ingawa hivyo ndivyo tunavyosema. Hukodishwa kwa mwaka au kwa miaka kadhaa, na anayehesabiwa kuwa mwenyewe ni yule ambaye jina lake na baruapepe yake vimeandikwa kwa msajili. Hapa ndipo sisi tulipoumia.

Jina la kwanza la madrasa yetu tulisajiliwa na kijana mmoja mwema, mwanafunzi wetu wa zamani. Alilipa kwa fedha zake mwaka wa kwanza, tukamwombea dua, na hatukuuliza zaidi. Aliandika baruapepe yake mwenyewe, akaweka nenosiri lake mwenyewe. Baadaye akapata kazi Ghuba, akabadilisha simu, na ile baruapepe akaacha kuifungua. Maonyo ya msajili yakawa yanaingia katika sanduku lisilo na mtu. Jina likaisha muda. Sheria za majina zina huruma ndani yake: kwa majina ya .com na mfano wake, baada ya kufutwa hubaki siku 30 ambazo mwenyewe aweza kulikomboa kwa ada kubwa, kisha siku 5 za mwisho, halafu huachiwa yeyote alitakaye. Sisi hizo siku zote zilipita tukiwa hatuna habari.

Tulijua kwa simu ya mzazi. Bibi yake mtoto alimwambia mjukuu amfungulie ratiba ya mitihani, wakaandika anwani iliyo katika kalenda yetu ya Ramadhani iliyotundikwa ukutani, na juu ya kioo yakaja magurudumu ya kamari, dadu, na picha tusizoweza kuzisimulia katika jarida la familia. Jina letu, lenye neno la Kiarabu tulilolichagua kwa istikhara, lilikuwa limechukuliwa na watu wa mbali wanaokusanya majina yaliyoachwa. Wanayataka kwa sababu yana wageni tayari. Tuliwaandikia, wakatutajia bei. Hatukuilipa, na hata leo tungeombwa fatwa kama ilifaa kuilipa tungesita.

Tovuti yenyewe haikuguswa. Kurasa zote zilikuwa pale katika seva, zikiwa hazina njia ya kufikiwa isipokuwa kwa nambari. Tulipopata jina jipya, kazi ya kulielekeza kwenye tovuti ilichukua chini ya saa moja. Kazi ya kulitoa la zamani mikononi mwa watu haijaisha hadi leo: tulitangaza Ijumaa katika misikiti mitatu, tukachapisha upya risiti za michango, tukabandika karatasi juu ya kalenda, na bado hutokea mtu akatuuliza kwa haya kama ni kweli madrasa imeuzwa. Kijana yule hatumlaumu. Ada ya mwaka ilikuwa ndogo, tukaidharau, na amana haipimwi kwa wingi wa fedha.

Ndiyo maana kwa akina mama tulishikilia mambo ambayo wao waliyaona ya uzito usiohitajika. Jina limesajiliwa kwa jina la kikundi. Baruapepe iliyoandikwa ni ya kikundi, na wanaoifungua ni watatu. Nenosiri limo katika bahasha iliyofungwa, kwa mweka hazina, pamoja na hati nyingine. Fundi hupewa ruhusa ya kufanya kazi, hapewi umiliki. Na wamelipa miaka mitatu kwa mpigo.

Wakatuuliza pia kama wanunue na jina la pili. Hapa tukawaambia kwamba sisi watu wa pwani tuna sababu ambayo wengine hawana. Maneno yetu mengi yana asili ya Kiarabu na yakiandikwa kwa herufi za Kilatini kila mtu huyaandika kwa sikio lake: Nur, Nuru, Noor, Nuur. Kikundi chao kina neno la aina hiyo ndani yake. Ada ya pili ikiwa hailemei, jina lenye tahajia ya pili laweza kuelekezwa mahali pale pale kwa 301, na mteja wa tahajia yoyote atafika. La tatu na la nne tuliwakataza. Kila jina ni kodi ya kila mwaka, na jina lililochapishwa halafu likaachwa ni hatari kuliko lisilonunuliwa kabisa.

Mama mmoja mchangamfu, ambaye hatutamtaja, akauliza kwa kicheko je, itakuwaje wakinunua jina linalofanana na la duka fulani kubwa la buibui, wakalielekeza kwao? Kicheko chake tulikielewa, lakini jibu tulilitoa bila kucheka. Kumpokonya mtu mteja aliyekuwa akimtafuta yeye ni ghishi, iwe ni kwa kibao cha barabarani au kwa jina la intaneti. Mahakama za dunia nazo zinalijua jambo hili, na tangu mwaka 1999 uko utaratibu wa kimataifa wa kumnyang'anya jina aliyelisajili kwa nia mbaya. Akasema, "Nilikuwa nauliza tu, Maalim."

Liko swali moja waliloliacha kwa baadaye, nalo ni la kuigeuza njia: jina fupi liwe ndilo anwani halisi ya tovuti, na anwani ndefu ndiyo ielekezwe kwake. Hilo ni bora, na kwa kampuni yao linahitaji malipo ya kila mwezi. Watakapoweza, wasiiache tovuti ionekane kamili kwa majina yote mawili, kwa kuwa mashine za kutafuta huziona nakala mbili na kuigawanya sifa yake. Na uelekezo ule wasiuondoe haraka. Google wenyewe hushauri ubaki kwa mwaka mmoja angalau. Sisi tungesema uachwe maadamu wanaishi, kwa sababu kadi za karatasi hukaa katika mikoba kwa muda mrefu kuliko tunavyodhani.

Kabla hawajaondoka, mweka hazina alituonyesha katika simu yake picha ya kalenda ya Kiislamu iliyo jikoni kwake. Amekwisha kuizungushia wino mwekundu siku ya kulipa ada. Tukamkumbusha kwamba msajili hufuata mwaka wa miladi. Akahesabu kwa vidole kimya kimya: mwaka wa Hijra ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo akiifuata kalenda yake atakuwa analipa mapema kila mara. Akasema basi ataiacha pale pale ilipo.